Mtoto kapewa projekti ya koloni za kusini Marekani? Msaidie hivi

Wazazi wenzangu mlioko huku Marekani hii ni yenu hasa, ila hata aliyeko Dar au Nairobi na mtoto anasoma mtaala wa nje itamfaa. Inakuja ile homuweki: chagua koloni moja ya Waingereza ya kusini, eleza maisha yake na maendeleo yake, tengeneza bango, simama mbele ya darasa uongee dakika tano. Mtoto anakwambia jumapili usiku (siku zote jumapili usiku, sijui huwa wanaelewana wapi), mzazi anajisemea hii historia siyo yangu mimi nimesoma Maji Maji na Mau Mau, anamwachia mtoto na Google, na mtoto anarudi na picha ya jumba jeupe lenye nguzo ndefu na shamba la pamba mbele yake. Vyote viwili ni makosa kwa kipindi hicho, nitaeleza huko chini.

Ninachotaka uamini kabla hatujaanza ni hiki, mzazi aliyekulia Kyela, Ifakara, Mwea, Uvira au popote penye mpunga anaijua sehemu ngumu ya hii homuweki pengine kuliko ticha mwenyewe. Kwa hiyo usimwachie mtoto peke yake, vuta kiti.

Chagua koloni, na isiwe Virginia

Koloni za kusini zilikuwa tano: Maryland, Virginia, North Carolina, South Carolina na Georgia. Darasa zima litakimbilia Virginia kwa sababu ya Jamestown ya 1607 (makazi ya kwanza ya kudumu ya Waingereza huko) na Pocahontas (yule binti wa chifu mwenyeji), ticha atasikiliza tumbaku mara kumi na mbili mpaka achoke. Mwambie mtoto achukue South Carolina. Mwanzoni ilikuwa Carolina moja tu, ikaja kugawanyika kaskazini na kusini, na hiyo ya kusini ndo yenye mambo: mpunga, mbu, maharamia, uasi, na mji wa bandari uliotajirika kupita kiasi. Na ni koloni ambayo watu weusi walikuwa wengi kuliko wazungu, kitu ambacho watoto wengi hawajawahi kuambiwa.

Ramani ianzie Barbados, sio London

Vitabu vya shule huwa vinachora mshale mmoja kutoka Uingereza kwenda Marekani basi. Kwa South Carolina mshale muhimu unatoka Barbados. Hicho ni kisiwa kidogo sana, kama robo ya Unguja hivi, na kufikia miaka ya 1660 kilikuwa kimejaa miwa mpaka ukingoni, ardhi yote imeshikwa na matajiri wa sukari. Watoto wao wa pili na wa tatu na wakulima wadogo hawakuwa na pa kwenda. Sasa mwaka 1663 mfalme Charles II alikuwa amewapa mabwana wanane waliomsaidia kurudi kwenye kiti cha ufalme eneo zima la Carolina kama zawadi, bila kuwauliza wenyeji wa hapo bila shaka, na wale mabwana wakaanza kutafuta watu wa kulijaza. Barbados ikawa jibu.

Meli iliyoitwa Carolina ilifika mwaka 1670. Mkuu wa watu wa Kiawah, wenyeji wa pwani hiyo, ndiye aliyewashawishi waende kwenye mto wa Ashley badala ya kukaa kusini zaidi karibu na Wahispania, na yeye alikuwa na hesabu zake, alitaka majirani wenye bunduki. Miaka kumi baadaye wakahamishia mji kwenye ncha ya ardhi kati ya mto Ashley na mto Cooper. Mwonyeshe mtoto hayo majina mawili kwenye ramani, yote ni ya mtu mmoja, Anthony Ashley Cooper, mmoja wa wale mabwana wanane. Mji ukaitwa Charles Town, jina la Charleston lilikuja 1783 baada ya uhuru, kwa hiyo kwenye bango aandike Charles Town, ticha atafurahi.

Kuna kitu kimoja cha kukaza hapa. Ardhi iligawiwa kwa vichwa: aliyekuja alipewa ekari zake na za kila mtu aliyemleta, mwanzoni ekari 150 kwa mwanaume mtu mzima, na mtumwa alihesabiwa humo humo. Yaani mtu wa Barbados akija na watumwa wake kumi anaondoka na shamba kubwa kwa sababu ya migongo ya hao kumi. Ukimweleza mtoto hilo moja ameshaelewa kwa nini koloni hii haikuwa kama zile za kaskazini tangu siku ya kwanza. Na sheria ya utumwa ya South Carolina ya miaka ya 1690 ilifuata sana ile ya Barbados, kwa hiyo hawakubuni, walibeba.

Kabla ya mpunga: ngozi, lami na watu

Hapa pita haraka kidogo ila usiruke. Miaka thelathini ya kwanza hawakujua walime nini. Walifuga ng'ombe na nguruwe wakapeleka nyama Barbados, walichoma magogo ya misonobari polepole kupata lami ya kuziba meli, na walinunua ngozi za paa kutoka kwa wenyeji, wastani wa zaidi ya ngozi 50,000 kwa mwaka zilipita bandarini mwanzoni mwa miaka ya 1700. Na walinunua watu. Makumi ya maelfu ya wenyeji wa asili walitekwa na kuuzwa, wengi wakapelekwa visiwani, na hii sehemu vitabu vingi vya watoto vinaikwepa. Mwaka 1715 Wayamasee, kabila la wenyeji ambao walikuwa washirika wa biashara hiyo hiyo, walichoka na madeni na dhuluma wakawageukia wakoloni pamoja na makabila mengine, koloni ikakaribia kufa kabisa. Wale mabwana wanane huko London hawakusaidia kitu cha maana, kwa hiyo 1719 wakoloni wakaikataa serikali yao, na mwaka 1729 taji la Uingereza likanunua haki zao. Hiyo ndo sehemu ya serikali, imeisha, mtoto aandike mistari mitatu.

Maharamia: najua atataka. Blackbeard aliziba mdomo wa bandari ya Charles Town mwaka 1718, akakamata meli na mateka, na alichodai ni sanduku la dawa. Stede Bonnet alinyongwa hapo hapo mwaka huo. Mpe kona moja ya bango achore bendera yake, lakini mzuie, maana ukimwachia bango zima litakuwa maharamia na mpunga utakosa nafasi.

Chati ya watu

Mwaka 1708 gavana aliandika idadi ya watu wa koloni. Wazungu huru 3,960, wazungu vibarua wa mkataba 120, watumwa Waafrika 4,100, watumwa wenyeji wa asili 1,400. Jumla 9,580. Mtoto achore duara alikate vipande vinne kwa rangi, hii ni hesabu na historia kwa pamoja na matunda yake yanaonekana bila maneno: zaidi ya nusu ya koloni ilikuwa utumwani, na hapo mpunga ndo kwanza unaanza kushika kasi.

Mpunga, na hapa ndo kaa

Chukua muda hapa, ikibidi sehemu nyingine zote ziwe fupi.

Kuna hadithi maarufu kwamba miaka ya 1680 meli iliyotoka Madagascar iliingia Charles Town ikiwa imeharibika, nahodha John Thurber akamgawia Henry Woodward mfuko wa mbegu na mpunga ukaanza hapo. Inawezekana mbegu zingine zilikuja hivyo, ila mtu aliyewahi kulima mpunga anajua ukimpa mtu asiyejua mfuko wa mbegu atapata majani. Waingereza hawakuwa wakulima wa mpunga. Waafrika waliotoka Senegambia, Guinea na Sierra Leone ya leo walikuwa wanaulima karne na karne, kwenye mabonde na kwenye mikoko inayoingiwa na maji ya bahari, na wenye mashamba walilijua hilo vizuri tu. Tafuta kwenye intaneti lile tangazo la gazeti la mwaka 1760 la meli iliyoitwa Bance Island: linatangaza shehena ya watu kama 250 wenye afya kutoka kile wanachokiita pwani ya mpunga, na linahakikisha kwamba wamelindwa na ndui. Liprinti liwekwe kwenye bango. Mwulize mtoto maswali mawili tu, kwa nini muuzaji ametaja mpunga, na kwa nini ametaja ugonjwa, halafu nyamaza umsikilize.

Sasa mpeleke kwenye mwaka wa kazi. Kwanza kinamasi chenye miti ya misipresi kinasafishwa kwa shoka na jembe, watu wako kwenye tope mpaka mapajani, na nyoka humo. Wanajenga tuta juu kuzuia maji ya mvua yawe kama bwawa, chini wanagawa majaruba na mifereji. Mwezi wa nne na wa tano wanapanda, wanawake wengi wakifukia mbegu kwa kisigino cha mguu, namna ile ile iliyokuwa inafanyika Afrika Magharibi. Wanafungulia maji, wanayatoa, wanapalilia, wanafungulia tena, na kupalilia ni mara kadhaa msimu mzima. Mpunga ukianza kukaza punje wanakuja ndege kwa makundi, na kazi ya kuamia ndege walipewa watoto, kutwa kelele na mawe. Kuanzia mwisho wa mwezi wa nane wanavuna kwa mundu, wanafunga matita, wanapura kwa fimbo, wanapepeta kwa ungo mpana uliosukwa kwa nyasi. Huo usukaji haujafa, ukipita Charleston leo utaona akina mama wa Kigullah (uzao wa hao hao watumwa) wanauza vikapu vyao pembeni ya barabara na sokoni, ni urithi ule ule.

Baadaye, kuanzia miaka ya 1750, wakahamia kando ya mito karibu na bahari wakaanza kutumia kupwa na kujaa. Maji ya bahari yakijaa yanausukuma mto juu, na kwa kuwa maji matamu ya mto ni mepesi yanabaki juu ya yale ya chumvi, unafungua mlango wa tuta yale matamu yanaingia shambani, bahari ikipwa unafungua yanatoka. Lango la kwanza lilikuwa gogo lililotobolewa katikati lenye kizibo. Mtu wa pwani haelezwi kujaa na kupwa, ila mtoto aliyezaliwa Ohio au Texas haelewi kabisa, mchoree na beseni na mrija. Kosa likitokea chumvi ikaingia mwaka mzima umekwenda. Matuta yalijengwa kilomita na kilomita kwa majembe na vikapu, bila mashine yoyote, ukiyaona kwenye picha za satelaiti bado yamejichora mpaka leo.

Halafu kinu. Hapa ndo zoezi lenyewe, msifanye kwa mdomo tu.

Tafuta mpunga wenye maganda, unauzwa mtandaoni kama mbegu, chukua kikombe kimoja (msiule, mbegu zingine zimewekwa dawa, na mtoto anawe mikono). Kama una kinu cha nyumbani cha mbao safi sana, kama huna hata kile cha kutwangia kitunguu saumu kitatosha ila cha mawe kinavunja zaidi. Mtoto atwange, wewe usimsaidie. Mpe dakika kumi. Mwambie akipiga kwa nguvu sana punje inavunjika, akipiga kidogo ganda halitoki, inabidi mchi ushuke halafu uzunguke kidogo, mama yako alikufundisha hivyo bila kukueleza na wewe mfundishe hivyo hivyo. Mwage kwenye ungo au sinia, pepeteni nje, maganda yaende. Rudisheni kinuni mara ya pili kutoa pumba. Pepeteni tena. Kisha akae mezani atenganishe punje nzima na chenga, kila moja kwenye mfuko wake mdogo wa plastiki.

Sasa mweleze. Huko Carolina kwa sehemu kubwa ya karne ile mpunga wote ulikobolewa hivi hivi kwa mkono, maana vinu vya kuendeshwa na wanyama au maji vilikuja kidogo kidogo na vilivyo vizuri vilikuja mwishoni kabisa. Kutwanga kulikuwa kazi ya majira ya baridi, watu waliamshwa kabla hakujakucha watwange, waende kwenye kazi zingine za shamba, warudi usiku watwange tena. Huko kwetu mtu anatwanga wa chakula cha siku, vikombe vichache, anaimba, anapokezana na wifi yake. Hawa walikuwa wanatwanga wa kujaza mapipa ya kusafirisha. Na punje nzima ndo zilikuwa na bei Ulaya, zikaenda Uholanzi, Ujerumani, Ureno na visiwani, chenga zikabaki kuwa chakula cha waliotwanga. Mfuko wa punje nzima aubandike karibu na picha ya meli, mfuko wa chenga aubandike chini. Darasa litaelewa bila hotuba.

Takwimu za kuweka pembeni: mwaka 1700 koloni ilisafirisha mchele kama tani 180. Mwaka 1740 zilikuwa zaidi ya tani 18,000. Mara mia ndani ya miaka arobaini. Na ticha akisema neno maendeleo anamaanisha huo mstari unaopanda, kwa hiyo mtoto achore grafu, ila kwenye mstari huo huo aandike nani alikuwa ameshika mchi.

Pima kipande

Zoezi la pili ni la nje. Kwenye mashamba ya mpunga kazi ilipangwa kwa kipande, sio kutwa nzima kwenye mstari mmoja na msimamizi kama kwenye tumbaku. Kipande cha kupalilia kilikuwa robo ekari, mraba wa mita 32 kila upande. Nenda uwanjani na kamba, pimeni, mtoto asimame kona moja na wewe kona nyingine. Hicho ndo kipande cha mtu mmoja cha siku moja, jembe mkononi, jua la kusini. Ukimaliza muda unaobaki ni wako, na watu waliutumia kweli, walilima bustani zao, walifuga kuku, walivua samaki, na wanawake walipeleka vitu soko la Charles Town wakauza mpaka wazungu wakawa wanalalamika kwamba wanapanga bei. Ila usimwache mtoto aandike kwamba utumwa wa huko ulikuwa mwepesi. Aliyekuwa mgonjwa au mjamzito kipande hakikumsubiri, na hesabu za mashamba zilionyesha vifo vingi hasa vya watoto wachanga, kiasi kwamba kwa muda mrefu idadi ya watu iliongezeka kwa kuleta meli zingine tu.

Mbu

Sisi malaria hatuhitaji kufundishwa. Majaruba yenye maji yaliyotuama mwezi wa saba, unajua mwenyewe. Pamoja na malaria kulikuwa na homa ya manjano iliyoingia na meli ikafyeka mjini kwa mawimbi. Wakati ule walidhani ni hewa mbaya ya kinamasi, hakuna aliyemshuku mbu. Wenye mashamba walikuwa wanakimbia joto likianza, wanahamia mjini au ufukweni kwenye upepo mpaka baridi irudi, shamba wanaachiwa wasimamizi na watumwa. Waafrika wengi walikuwa na kinga kiasi, pamoja na ile ya kurithi seli mundu, na wazungu wakageuza hilo kuwa kisingizio kwamba Mungu amewaumba kwa ajili ya kinamasi. Kama kwenye familia yenu kuna mtu wa seli mundu mtoto anaweza kuunganisha mwenyewe, mwachie.

Watu wenye majina

Bango lenye takwimu tupu linachosha. Weka majina matatu manne.

Priscilla. Huyu usimwache kabisa. Mwaka 1756 meli iitwayo Hare ilitoka Sierra Leone ikafika Charles Town, na mwenye shamba Elias Ball akanunua watoto sita, wavulana wanne na wasichana wawili, akaandika majina mapya aliyowapa na umri kwa kukisia, mdogo kabisa miaka 6. Priscilla alikadiriwa miaka 10. Kwa kuwa kumbukumbu za meli na za shamba zote zimebaki, wanahistoria wameweza kufuata ukoo wake mpaka kizazi cha leo, jambo ambalo ni nadra sana. Mtoto wako wa darasa la tano ana umri huo huo. Hapo huhitaji kuongeza neno.

Eliza Lucas. Binti wa miaka kama 16 hivi, baba yake ofisa huko Antigua akamwachia mashamba ya Carolina ayasimamie. Kuanzia karibu 1740 akawa anajaribu nili, ule mmea wa rangi ya bluu, na baada ya misimu kadhaa ya kushindwa wakafanikiwa, na 1748 bunge la Uingereza likaanza kulipa ruzuku ya peni sita kwa kila pauni moja ya uzito wa nili. Nili ikawa zao la pili la koloni, ilimea kwenye ardhi kavu ambako mpunga haukai. Vitabu vinampa sifa yeye peke yake. Kwenye mapipa yenyewe majani yanaozeshwa kwenye maji, yanachapwa kwa makasia mpaka rangi itoke, inawekwa chokaa itulie chini, harufu yake kali na nzi wamejaa, na pale alikuwa hayupo Eliza, walikuwa wapo watumwa, wengine waliojua kazi ya nili tangu walikotoka. Aandike wote.

Elizabeth Timothy. Mume wake alikuwa mchapaji wa South-Carolina Gazette, akafa mwishoni mwa 1738, mama ana watoto na mimba, akachukua mashine akaendelea kutoa gazeti bila kukosa. Kwenye gazeti hilo hilo ndo matangazo ya watumwa waliotoroka yapo. Tafuteni moja msome pamoja, utaona yanavyoeleza makovu, lugha anazozungumza mtu, ndugu anakodhaniwa kamfuata.

Jemmy. Jumapili tarehe 9 Septemba 1739, karibu na mto Stono, watu kama 20 wakiongozwa na Jemmy walivunja duka wakachukua silaha wakaanza kuelekea kusini na ngoma na bendera, wakipaza sauti ya uhuru. Walikuwa wanakwenda Florida, kwa sababu Wahispania walitangaza kwamba mtumwa wa Mwingereza akifika kwao ni huru, na karibu na St. Augustine kulikuwa tayari na kijiji chao, Fort Mose, tangu 1738. Wanahistoria wengi wanaamini kiini cha kundi hilo walikuwa Wakongo wa ule ufalme wa Kongo, Wakatoliki, na wengine waliowahi kuwa askari. Wazazi mnaotoka Congo hii ni yenu, hasa upande wa magharibi. Njiani walijiunga na wengine wakafika kati ya 60 na 100, wazungu zaidi ya 20 waliuawa, wanamgambo wakawafikia jioni ile na wengi wao wakauawa.

Mwaka uliofuata bunge la koloni likapitisha sheria nzito ya 1740. Kumfundisha mtumwa kuandika, faini pauni 100. Ngoma na pembe, marufuku. Kutembea bila cheti, marufuku. Na kuna kifungu kinachojifanya cha huruma: mtumwa asifanyishwe kazi zaidi ya saa 15 kwa siku majira ya joto, na saa 14 majira mengine. Mtoto achore saa ya ukutani akoleze hizo saa 15 kwa wino mwekundu, halafu mwulize kama walihitaji sheria ya kukataza zaidi ya 15 maana yake kabla yake ilikuwaje.

Vitu vya kufuta kwenye bango

Pamba. Pamba ilikuja kuwa mfalme baada ya mashine ya kuchambua ya 1793, koloni ilikuwa imeshakufa zamani. Majumba meupe yenye manguzo ya kwenye sinema, mengi ni ya miaka ya 1800, kama anataka jumba atafute Drayton Hall, ni la matofali na ni la wakati ule. Neno wafanyakazi peke yake bila kusema watumwa. Na ile sentensi ya kwamba wakoloni walilima mpunga. Aisome kwa sauti, halafu arekebishe mtendaji.

Ongeza kidogo kwamba sio wazungu wote walikuwa matajiri na sio wote Waingereza: kulikuwa na Wahugenoti, Waprotestanti waliokimbia Ufaransa, Wayahudi walioanzisha jumuiya yao ya ibada Charles Town mwaka 1749, na huko bara Wajerumani na Waskoti wa Ireland na vibanda vyao vya magogo wakilalamika hakuna mahakama. Sentensi mbili zinatosha.

Maswali atakayoulizwa

Ticha anapenda kuuliza kwa nini mji huu ulitajirika hivyo. Jibu: bandari nzuri, mchele na nili zenye soko Ulaya, na biashara ya watumwa yenyewe, kwa sababu inakadiriwa karibu asilimia 40 ya Waafrika wote walioletwa Marekani bara walishukia hapo. Henry Laurens, mmoja wa wafanyabiashara wa lile tangazo la 1760, alikuja kuwa rais wa bunge la mapinduzi, hiyo inashtua darasa.

La pili ni Georgia, jirani yao. Ilianza 1733 na muda mfupi baadaye utumwa ukapigwa marufuku kabisa. Ila wakulima waliangalia ng'ambo ya mto wakaona pesa za mpunga, wakapiga kelele, na kufikia 1751 marufuku ikaondolewa na wenye mashamba wa Carolina wakahamia na watumwa wao. Akijibu hivyo anapata alama ya ziada, ni jibu ambalo wenzake hawatakuwa nalo.

Mwisho kinu. Kama atataka kukipeleka darasani mtumie ticha emeili kwanza ueleze ni kitu gani na tuma picha, maana mtoto akishuka kwenye basi la shule na mchi mkononi bila taarifa, utapigiwa simu na ofisi kabla hata hujafika kazini.